Mwongozo kamili wa chumba cha hoteli ya bei nafuu ugenini: kuanzia kutafuta hadi kurudisha ufunguo

Malalamiko ninayoletewa baada ya kila msimu wa safari yana sura moja. Picha zilionyesha chumba chenye mwanga na shuka nyeupe. Mgeni kafika, kakuta kijichumba chenye harufu ya unyevu, maji ya baridi na muziki wa baa chini ya dirisha. Akalala humo humo kwa sababu alishalipa, alishachoka, na begi lilishafunguliwa.

Hapo kwenye begi ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anatumia jioni nzima kulinganisha bei, kisha akifika hatumii hata robo saa kukagua chumba kabla ya kukikubali. Hoteli ya bei ya chini huwa na vyumba vizuri na vibovu chini ya paa moja, na mara nyingi usiku mwema unatenganishwa na usiku wa mateso na ufunguo wa mlango wa jirani tu. Kizuri hupewa aliyeomba mapema, au aliyekataa kibovu kwa wakati.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye chaji na tochi inayowaka. Ndiyo zana yako kuu ya ukaguzi.
- Picha za skrini za nafasi uliyoweka: aina ya chumba, jumla ya bei, masharti ya kufuta, simu ya hoteli. Zikae ndani ya simu yenyewe, maana ukifika mlangoni intaneti inaweza isiwepo.
- Anwani ya hoteli kwa maandishi ya nchi hiyo, hasa ukienda China, Japani, Thailand au nchi za Kiarabu. Dereva wa teksi huenda asisome herufi zetu.
- Adapta ya soketi ya nchi uendako. Chaja za simu na kompyuta nyingi hukubali volti 100 hadi 240, lakini pasi na mashine ya kukausha nywele mara nyingi hazikubali. Ulaya hutumia volti 230, Marekani 120, Japani 100. Soma maandishi madogo kwenye kifaa chako kabla ya kukipakia.
- Kabari ya mpira ya mlango. Nyepesi, rahisi, na ukisafiri peke yako utaishukuru.
- Viziba masikio na kitambaa cha macho.
- Kandambili, kwa bafu la kuchangia na hata lisilo la kuchangia.
- Mifuko miwili mikubwa ya plastiki inayoweza kumeza begi lako.
- Kufuli dogo, ukilala bwenini.
- Kadi ya benki yenye salio la ziada, na pesa taslimu kidogo ya nchi hiyo.

Ukienda mahali ambapo maji hupashwa kwa gesi ndani ya nyumba, ongeza kengele ndogo ya monoksidi ya kaboni inayotumia betri. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

## Hatua ya 1: Chagua mwenyewe utakachokosa

Bei ikiwa ndogo, kuna kitu kimeondolewa. Wameondoa lifti, au dirisha, au mtu wa mapokezi usiku, au bafu la ndani. Amua wewe kipi kiondoke, usije ukakigundua saa sita usiku.

Andika vitu vitatu usivyoweza kuvikosa. Anayewahi ndege ya alfajiri anahitaji usafiri wa karibu, na dirisha halimhusu. Mwenye mtoto mchanga anahitaji maji moto na lifti. Anayefanyia kazi chumbani anahitaji meza na intaneti ya kuaminika. Ukijikuta umeandika vitu sita, unatafuta hoteli ya daraja jingine. Ongeza bajeti au punguza usiku.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja kitu ambacho uko tayari kukikosa.

## Hatua ya 2: Lisome tangazo ukitafuta kisichosemwa

Nyota zisikudanganye. Hakuna kipimo kimoja cha nyota duniani. Ulaya kuna Hotelstars Union, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo huzipa nchi kama Ujerumani, Austria na Uswisi vigezo vya pamoja. Ufaransa ina mfumo wake, ambamo nyota hudumu miaka 5 kisha hoteli hukaguliwa upya. Italia, kanuni hutungwa na mikoa. Kwingine mwenye hoteli hujibandikia atakavyo. Hata pale zinapotolewa kwa haki, nyota huhesabu vifaa na huduma. Hazikuambii kama ukuta unapitisha mkoromo wa jirani.

Tafuta mita za mraba. Kitanda cha sentimita 140 kwa 200 peke yake kinakula karibu mita 3 za mraba. Chumba cha mita 9 chenye bafu ndani yake hakikuachii sakafu ya kufungulia begi kubwa. Kama ukubwa haukutajwa, tazama pengo kati ya kitanda na ukuta kwenye picha, na ukumbuke kwamba lenzi pana hulinyoosha pengo hilo.

Hesabu picha za bafu. Tangazo lenye picha nyingi za mapokezi, maua na kikombe cha kahawa, lakini bila picha hata moja ya bafu, limeshakujibu.

Ulizia dirisha. Vyumba visivyo na dirisha huuzwa kihalali katika miji yenye ardhi ghali kama London na Singapore, na hoteli zenye uaminifu hulisema wazi. Tatizo ni zile zisizosema. Kuna chumba nilichowahi kupewa chenye pazia zito la kupendeza kutoka dari hadi sakafu. Nilipolivuta asubuhi nipate mwanga, nyuma yake kulikuwa na ukuta uliopakwa rangi ya krimu, na fremu ya mbao imepigiliwa juu yake. Tangu hapo, picha ikionyesha pazia limefungwa katika kila chumba, naandika kuuliza. Dirisha pia linaweza kuwepo na likawa linatazama uwazi mwembamba katikati ya jengo, unaopitisha harufu za jikoni na mazungumzo ya ghorofa zote.

Hesabu ghorofa sawasawa. Marekani, ghorofa ya kwanza ndiyo ya chini kabisa. Sehemu kubwa ya Ulaya, ya chini ni sifuri. Ghorofa ya nne bila lifti huko Ulaya ni ngazi nne kamili huku umebeba begi, na majengo ya zamani ngazi zake ni nyembamba na za mzunguko.

Bafu “lako peke yako” si lazima liwe ndani ya chumba. Linaweza kuwa ng'ambo ya ukumbi, na ufunguo wake ukapewa wewe tu. Kwa wengine hilo si neno. Kwa anayeamka usiku mara tatu ni adhabu. Vilevile hakikisha kama ni kitanda kimoja kikubwa au viwili vya mtu mmoja mmoja. Marafiki wawili wanaoshtukia kitanda kimoja hawana wa kumlaumu.

Malizia kwenye ramani. Fungua picha za mtaani za Google Maps, utembee kwa kidole kutoka kituo cha treni au basi hadi mlangoni. Tazama kama kuna mlima, ngazi, barabara kuu, kituo cha zimamoto au mabango ya kumbi za muziki. Ni dakika tano tu, na mara nyingi nimeacha hoteli kwa sababu ya nilichokiona hapo.

## Hatua ya 3: Soma maoni ya wageni kwa mpangilio

Wastani wa alama hauna maana kubwa. Hoteli iliyokuwa nzuri miaka mitatu iliyopita bado inabebwa na alama za wakati ule.

Panga maoni yaanze na mapya. Kisha tafuta ya msimu utakaosafiri wewe: maoni ya kiangazi hayakuambii kama hita inafanya kazi wakati wa baridi. Kisha tafuta maneno mahususi kwa lugha ya maoni hayo: kunguni, kelele, harufu, maji moto, wizi. Booking.com, tovuti ya kuweka nafasi za hoteli, huruhusu maoni kutoka kwa waliopitia kwake tu, ilhali Google Maps mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika. Soma pande zote mbili. Zikipishana sana, jiulize kwa nini.

Walioweka alama za katikati ndio ninaowaamini zaidi. Aliyeweka alama ya juu kabisa na kuandika “kila kitu kizuri” hajanisaidia chochote, na aliyeweka ya chini kabisa pengine aligombana na mtu. Wa katikati hueleza: chumba safi, kitanda kigumu, upande wa barabara hakulaliki.

Sasa yagawanye malalamiko mafungu mawili, na hapa ndipo uamuzi ulipo. Kuna malalamiko ya chumba: kelele za barabarani, lifti iko jirani, feni mbovu, bafu dogo. Haya yana dawa, kwa sababu unaweza kuomba chumba kingine. Na kuna malalamiko ya jengo: kunguni waliotajwa na wageni tofauti ndani ya miezi michache, maji yanayokatika, vitu kupotea vyumbani, mlango wa nje usiofungwa usiku. Haya hayana dawa. Bei iwe ndogo vipi, iache hoteli hiyo.

Umefaulu ukiwa umepata sio tu hoteli, bali aina ya chumba cha kuomba ndani yake: “upande wa ua, ghorofa ya juu, mbali na lifti.” Wageni wengine hutaja hadi namba ya chumba. Iandike.

## Hatua ya 4: Weka nafasi bila kujifunga

Angalia bei ya mwisho kabisa, baada ya kodi na ada. Amsterdam hutoza kodi ya watalii ya asilimia 12.5 ya bei ya malazi tangu mwaka 2024. Miji mingi ya Italia hutoza kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hudaiwa mapokezini hata kama chumba kilishalipiwa. Marekani, tangu Mei 2025 sheria inawataka wauzaji wa malazi ya muda mfupi kuonyesha jumla yenye ada za lazima tangu mwanzo. Kwingine bado utakuta ada ya usafi au ya taulo imejificha mwishoni.

Kama nafasi ni nyingi na si msimu wa msongamano, mimi huweka usiku wa kwanza tu, au miwili. Nikikipenda chumba naongeza, nisipokipenda sina cha kudai wala kudaiwa. Wakati wa sikukuu mbinu hii ni hatari, kwani utajikuta asubuhi huna pa kwenda. Hapo lipia kidogo zaidi upate nafasi inayofutika bila faini. Saa ya mwisho ya kufuta huhesabiwa kwa saa za mji wa hoteli, si za kwako.

Tahadhari: Ukipokea ujumbe unaodai kutoka hotelini, ukikutaka “uthibitishe” kadi yako kupitia kiungo la sivyo nafasi itafutwa, usibonyeze, hata kama umeingia ndani ya mazungumzo ya jukwaa la mtandaoni ulilotumia kuweka nafasi. Matapeli hudukua akaunti za hoteli na kuandika wakiwa na jina lako na tarehe zako sahihi, na wengi wameingia mkenge kwa sababu hiyo. Piga simu hotelini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

## Hatua ya 5: Tuma ujumbe siku mbili au tatu kabla

Hatua hii haigharimu kitu na karibu kila mtu huiruka. Hoteli nyingi hugawa namba za vyumba jana yake au asubuhi ya siku hiyo. Asiyeomba chochote hupewa kilichobaki, na kilichobaki ndicho ambacho wengine walikikataa.

Andika sentensi fupi, ili programu ya kutafsiri isizivuruge:

*“Habari. Nina nafasi kwenu tarehe 12 hadi 14. Nitafika 21:00. Naomba chumba tulivu, mbali na lifti, kisichotazama barabara, chenye dirisha linalofunguka. Je, kutakuwa na mtu mapokezini muda huo? Asante sana.”*

Andika muda kwa namba za saa 24 kama hapo juu. Ukiandika saa tatu usiku, tafsiri inaweza kumwambia mwenyeji akusubiri saa tisa za usiku. Kutaja muda wa kufika pia kunakukinga na jambo baya zaidi, yaani kuhesabiwa kwamba hukutokea, chumba chako kikapewa mwingine na pesa ikakatwa.

Usiandike maombi kumi. Mawili au matatu husikilizwa, lakini orodha ndefu huonekana usumbufu. Jibu lenye upole na maelezo ni dalili njema. Kimya cha siku mbili kinakutaka upige simu.

## Hatua ya 6: Mapokezini

Ukiweza, fika mchana. Vyumba vingi huanza kutolewa kati ya saa nane na saa tisa alasiri, na anayefika wakati huo bado ana vya kuchagua. Mchana pia unauona mtaa ulivyo.

Katika nchi nyingi, China na Italia zikiwemo, hoteli inatakiwa kisheria kuwaandikisha wageni polisi, kwa hiyo kuombwa pasipoti ni kawaida, na kuitoa nakala ni kawaida. Kuishikilia hadi siku ya kuondoka kama dhamana ni jambo jingine. Omba kwa upole watoe nakala wakurudishie.

Kama hujalipa, sema tu: “Naomba nikione chumba kwanza.” Watu huona aibu kusema hivyo, lakini kwa wenye hoteli ndogo ni ombi la kila siku, na anayelikataa kakupa taarifa muhimu bure. Kama umeshalipa, panda ukakague, na usiseme “asante, kiko sawa” kabla hujafika hatua inayofuata.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nchi hiyo au ya kwenu, chagua ya nchi hiyo. Ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango wanachokipanga wao, na karibu kila mara utaumia. Uliza pia kama wanazuia dhamana kwenye kadi na ni kiasi gani, maana pesa hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa hata baada ya kuondoka.

## Hatua ya 7: Robo saa ya ukaguzi

Sheria ni moja: usikae kitandani, usitumie choo, usifungue begi hadi umalize. Chumba ambacho hakijaguswa hubadilishwa bila ubishi. Kilichovurugwa kinahitaji kusafishwa tena, na mapokezi hawana hamu ya kazi hiyo.

Begi kwanza. Liweke bafuni juu ya vigae, au kwenye meza ya chuma ya kuwekea mizigo. Kunguni hujificha kwenye zulia, mbao na vitambaa, na hawapai angani wala kurukaruka, wanatembea. Sehemu ngumu yenye utelezi huwasumbua kupanda.

Kitanda. Washa tochi hata kama taa inawaka. Vuta shuka upande wa kichwani, pembe zote mbili, hadi godoro lionekane. Fuata mshono wa godoro kwa mwanga, kidole kikitanua kitambaa. Kunguni mzima ana urefu wa takriban milimita 5, bapa, rangi ya kahawia, ukubwa wa mbegu ya tufaha. Mayai ni meupe na hayazidi milimita 1. Lakini mara nyingi hutamwona yeye, utaona alama zake: vidoti vyeusi vilivyojikusanya kana kwamba kalamu ya wino imegusa kitambaa, magamba mepesi yaliyovuliwa, au madoa madogo ya damu kavu. Kisha mulika nyuma ya ubao wa kichwani, kati yake na ukuta, na matundu ya skrubu. Hapo ndipo wanapopenda kujificha, na ndipo wasafishaji wasipofika.

Doa moja la kahawa kwenye shuka ni uchafu, omba shuka nyingine. Vidoti kwenye mshono ni sababu ya kutoka.

Mlango na moto. Funga na kufungua kitasa, jaribu komeo la ndani. Angalia kama mlango una dalili za kuvunjwa na kutengenezwa. Mulika darini uone king'ora cha moshi, kisha toka ukumbini uitafute njia ya dharura. Hesabu milango kati ya chumba chako na njia hiyo, kwa kuwa kwenye moshi hutaona kibao, utapapasa ukuta. Sukuma mlango wenyewe wa dharura. Nimeshaona uliofungwa kwa mnyororo, na hiyo kwangu inatosha kuondoka.

Maji. Fungua bomba la maji moto uliache likitiririka dakika tatu. Yasipopata joto, usikate tamaa mara moja: tafuta swichi yenye taa nyekundu, ambayo mara nyingi iko nje ya bafu. Tangi dogo la umeme linaweza kuhitaji nusu saa. Vuta maji ya choo, uone yanajaa tena. Wakati bomba la mvua linaendelea, angalia maji yanakwenda wapi. Yakitambaa kuelekea kitandani, hutapata raha.

Tahadhari: Ukikuta hita ya gesi ndani ya bafu lisilo na tundu la hewa, au masizi meusi juu yake, usioge wala usilale humo. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikikujia muda mfupi baada ya kuiwasha, fungua dirisha na utoke nje.

Kelele. Zima kila kitu, simama katikati ya chumba, nyamaza dakika moja. Sikiliza mota ya lifti, mashine ya kiyoyozi cha jirani iliyofungwa nje ya dirisha lako, bomba la maji ukutani. Kisha tazama chini dirishani. Baa iliyofungwa saa kumi jioni ni kimya kabisa, kwa hiyo soma bango lake badala ya kusikiliza.

Harufu na unyevu. Marashi makali yanayokupokea mlangoni mara nyingi ni funika kombe. Tazama kona za dari na nyuma ya pazia kama kuna ukungu mweusi. Washa kiyoyozi dakika mbili. Kikitoa harufu ya soksi, kichujio hakijafuliwa siku nyingi.

Umeme na intaneti. Jaribu soketi iliyo karibu na kitanda. Kama taa zinawashwa kwa kuchomeka kadi ukutani, jua kwamba ukitoka nayo chaji huenda ikakatika na kiyoyozi kikazimika. Unganisha Wi-Fi ukiwa umefunga mlango, kwani inayoshika ukumbini inaweza isifike kitandani.

Ukaguzi umekamilika ukiwa na jibu moja kati ya matatu: nakikubali, kina kasoro ndogo za kurekebishwa, au nataka kingine.

## Hatua ya 8: Kukikataa chumba bila ugomvi

Piga picha tatu au nne zenye mwanga. Teremka na begi lako lote, kwani anayeacha begi juu anaonekana kama ameshakubali. Ongea na mtu wa mapokezi kwa sauti ya kawaida, ukieleza tatizo moja lililo zito zaidi na suluhisho unalolitaka: “Chumba kina vidoti vya kunguni kwenye godoro, picha hii hapa. Naomba chumba kingine, ghorofa nyingine.” Muungwana mbele, picha nyuma yake. Yule kijana wa zamu hakununua lile godoro, lakini ndiye anayejua ni vyumba vipi vilivyo vizuri.

Kwa kunguni, usikubali chumba cha ubavuni, cha juu au cha chini ya kile cha kwanza, maana wadudu hawa hupita kwenye nyufa na njia za nyaya. Chumba kipya nacho kikague upya.

Wakisema hakuna kingine, omba urudishiwe pesa, na uwasiliane na jukwaa ulilowekea nafasi ukiwa bado pale mapokezini. Usibonyeze “futa” mwenyewe kwenye simu yako. Ukifuta wewe, masharti ya kufuta yanakuangukia wewe na pesa imekwenda. Hoteli ndiyo ikubali kufuta bila faini, na ikubali kwa maandishi, ujumbe mfupi unatosha. Kama ulilipa kwa kadi, picha na ujumbe huo ndio ushahidi wako benki.

Na uwe na hoteli ya akiba uliyoiweka alama kwenye ramani, hata kama hujailipia. Asiye na pa kwenda hakatai chochote, na watu wa mapokezi huliona hilo usoni.

## Hatua ya 9: Kasoro ndogo unazozimaliza mwenyewe

Si kila kasoro inahitaji safari ya kurudi mapokezini.

Harufu ya mtaro bafuni mara nyingi si uchafu. Chini ya tundu la sakafuni kuna kona ya bomba inayotakiwa kubaki na maji yanayoziba hewa ya mtaro. Bafu lisilotumika siku nyingi, maji hayo hukauka na harufu hupanda. Mimina vikombe viwili vitatu vya maji kwenye kila tundu, sinki likiwemo, ufunge mlango wa bafu na ufungue dirisha. Kwa kawaida harufu huisha ndani ya saa moja. Ikirudi, bomba lenyewe lina kasoro.

Mwanga unaopenya kati ya mapazia huzibwa kwa kibanio cha hanga la suruali. Mlango wenye uwazi chini, unaoingiza kelele za ukumbini, huzibwa kwa taulo lililokunjwa. Soketi inayoachia chaja usiipigie kabari ya karatasi, hamia nyingine. Foronya yenye shaka ivalishe fulana yako safi.

Usiku, sukuma kabari chini ya mlango, na uweke viatu, simu na ufunguo mahali utakapopapasa gizani.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Omba risiti jana yake jioni ikiwa utatoka alfajiri, hasa kwenye hoteli isiyo na mtu usiku. Kama uliweka dhamana ya pesa taslimu, ni muda huo huo wa kuidai. Piga picha chumba kilivyo unapokiacha, ili pasije pakazuka taulo lililopotea.

Ukiandika maoni, taja mwezi, namba ya chumba au walau upande na ghorofa, na kama walirekebisha ulichowaambia. Hayo ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta wewe kwenye hatua ya 3.

Kama ulikuwa na shaka yoyote ya kunguni, funga begi ndani ya ule mfuko wa plastiki kabla ya kupanda gari. Nyumbani, lifungulie nje au bafuni. Nguo zote, zilizovaliwa na zisizovaliwa, zifuliwe kwa nyuzi joto 60, au ziingie kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali kwa nusu saa. Begi tupu lipitishie tochi mshono kwa mshono na zipu kwa zipu, kisha lifyonze kwa mashine ya vumbi, na takataka zake zitupwe nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Kulitupia stoo kusubiri wafe kwa njaa hakusaidii, maana kunguni mzima anaweza kukaa miezi bila kula.